Kinu cha Mama Mkwe

Nimestaafu ukalimani mwezi uliopita, baada ya miaka ishirini na mitano ya kuyatoa maneno vinywani mwa watu na kuyatia masikioni mwa wengine. Ninyi vijana wa ofisini mmeniomba niwaandikie yale niliyoyaona kazini, huenda yakawafaa. Nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, mtu aliyezoea kusema maneno ya watu kutwa nzima akinyamaza ghafla huumwa kichwa. Pili, mmoja wenu ana sababu yake ya kuyasoma haya mpaka mwisho. Simtaji hapa mwanzoni, asije akaona aibu akaliweka daftari chini. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka, maana vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwetu ni Chapwa, karibu kabisa na mpaka. Sisi Wanamwanga wa pale, nusu ya ndugu zetu wako Rhodesia na nusu wako huku, na tunatembeleana bila kumwomba mtu ruhusa. Kiingereza nilikipata shule ya misheni ng'ambo ya pili, Kibemba nilifundishwa na wachuuzi wa ng'ombe, ambao walianza na matusi, na Kinyiha nilikipata kwa mke wangu Rabeka, aliyezaliwa Ruanda, huko Mbozi kwenye mibuni. Kwa hiyo boma lilipotafuta mkalimani wa pili, niliingia mimi.

Mkalimani wa kwanza alikuwa Mzee Haonga, Mnyiha mrefu, mwembamba, aliyewatafsiria Wadachi kabla ya Waingereza. Alisema tofauti kati yao ni sauti tu, wale walipiga kelele na hawa wananong'ona, lakini kodi ni ileile. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi.

Siku ya kwanza nilipewa kesi ya mbuzi. Shahidi akasema, "Mimi nilimwona mbuzi akipita." Nikamwambia Bwana Shauri, Mwingereza wa boma aliyesikiliza kesi, kwa Kiingereza kwamba huyu anasema alimwona mbuzi akipita. Nikaendelea hivyo asubuhi nzima, anasema hivi, anasema vile, nikijiona fundi. Wakati wa chai Mzee Haonga akanivuta pembeni.

"Usiseme 'anasema'," akaniambia. "Yeye akisema mimi, na wewe sema mimi. Akitukana, tukana. Akilia, usilie, lakini usicheke. Maneno si yako, kijana. Wewe umeazimwa tu."

Somo la pili lilikuwa la urefu. Mzee wa kijiji akisema maneno ya muda wa kuvuta kiko kizima, nawe ukampa Bwana maneno matatu, wote wawili watajua umeiba. Bwana naye akisema neno moja, usilihubiri kama mchungaji. Pima, alisema, watu hawaielewi lugha lakini urefu wanauelewa. Somo la tatu lilihusu vifaa. Kigoda cha miguu mitatu ukiweke pembeni mwa wazungumzaji, usikiweke katikati, kwa sababu anayekaa katikati ndiye anayepigwa. Maji ya kunywa uwe nayo karibu. Na uwe na leso, ya kufutia jasho siku ya kutafsiri matusi. Kwa kufuata masomo hayo niliwahi kumwambia Bwana Shauri usoni kwamba ana masikio ya popo na nisiguswe, kwa kuwa aliyesema ni bibi mmoja wa Msangano.

Miaka miwili baada ya vita vya pili vya dunia alikuja Mwingereza mmoja msomi, na mimi nikaazimwa kwake kwa msimu mzima. Jina lake nimeliacha. Watu walimwita Bwana Kwa Nini, kwa sababu hakuwa na swali jingine. Kwa nini mnapiga makofi mkisalimia? Kwa nini mnakula upande huu na wake zenu upande ule? Watu walidhani anatafuta kodi mpya, na kwa wiki mbili hakuna aliyekiri kwamba anapiga makofi.

Bwana Kwa Nini alikuwa na elimu yake, nami niliitafsiri mara nyingi hata nikaikariri. Alisema watu wa kale kabisa, kabla ya jembe na kabla ya nyumba, waliishi porini kwa vikundi vidogo, na tabia zetu zote zilifinyangwa huko. Aliyemwogopa nyoka alipona akazaa, asiyemwogopa aliumwa akafa bila mtoto. Kwa hiyo sisi sote, Wazungu kwa Wanamwanga, ni wajukuu wa waoga. Aliyempenda ndugu yake kuliko mgeni aliiacha damu yake duniani, na aliyejua kujipendekeza kwa mkubwa alipata mnofu. Na ukirudi nyuma zaidi ya hao, sisi na nyani tuna babu mmoja.

Nilikwenda kwa mchungaji kuuliza kama ni dhambi kuyasema hayo. Aliniambia kutafsiri si kukiri, ila nisiyaseme kwa furaha. Mzee Haonga yeye, ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, alifikiri kidogo, kisha akauliza kama huyo babu yetu na nyani aliacha shamba lolote. Nilipomwambia sidhani, akasema basi undugu huo hauna kesi.

Bwana alitaka kuthibitisha habari ya damu. Alikuwa na vijiwe mfukoni. Ndugu wa tumbo moja alimhesabia vijiwe vinne, mtoto wa ami kijiwe kimoja, na aliamini mtu huwasaidia watu wake kwa hesabu hiyo bila kujijua. Tukashuka Msangano, bonde la joto na mbu, akamkalisha mzee mmoja wa huko, Mzee Siame, akamwuliza: mto Momba umefurika, umemchukua ndugu yako mmoja, na upande mwingine umewachukua watoto watano wa ami zako. Unaweza kuokoa upande mmoja tu. Utaokoa upi?

Mzee Siame akataka kujua kwanza nani aliwaambia wavuke mto umefurika. Bwana akasema hilo tuliache. Mzee akauliza ni ndugu yupi, mkubwa wake ambaye hakuja kumzika binti yake, au mdogo wake aliyemjengea ghala? Bwana akasema ndugu yeyote. Mzee akasema hana ndugu anayeitwa yeyote. Akatazama vijiwe kwa muda, halafu akasema angeanza kumtoa mkwe wake.

"Lakini mkwe si damu yako," Bwana akasema, akimwonyesha kwamba hakuna kijiwe cha mkwe.

"Bado hajamaliza kunilimia," akajibu Mzee Siame.

Bwana hakuandika jibu hilo. Alisema mzee hakulielewa swali.

Mimi nami wakati ule nilinunua daftari dogo. Bwana alipoeleza kwamba kuchuchumaa na kupiga makofi mbele ya mkubwa ni mabaki ya mnyama mdogo anayemwonyesha mnyama mkubwa kwamba hana vita naye, niliandika. Wiki iliyofuata akapita mkubwa mmoja wa serikali kutoka makao ya jimbo. Bwana Kwa Nini alisimama juani na kofia mkononi, akapinda shingo, akacheka mara tatu kwa hadithi ya mbwa ambayo mimi nilikuwepo nikaisikia, na haikuwa na cha kuchekesha. Nikaandika na hiyo, ukurasa uleule.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu kuliko zote.

Bwana alisikia kwamba Ruanda yuko mama mmoja anayeweza kutaja vizazi tisa vya kila ukoo wa mlima ule, nani alimzaa nani na nani anasingiziwa. Kwa mtu wa vijiwe hiyo ilikuwa tunu. Akaniambia tujiandae kwenda kumhoji Mama Rabeka. Nikamwambia haiwezekani, maana Mama Rabeka ni mama mkwe wangu.

Ninyi mliokulia mjini labda mmeanza kusahau, kwa hiyo naeleza. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hasemi naye, hali mbele yake. Wakikutana njiani, mwanamume anaacha njia anaingia majanini mpaka mama apite. Si chuki, ni heshima, na ina mwisho wake. Mkwe akishamlimia mama shamba msimu mmoja kwa mikono yake mwenyewe, mama humfungulia kinywa, na tangu hapo ni mtoto wake.

Mimi nilikuwa sijalima. Nilipooa nilikuwa karani mpya mwenye suruali nyeupe iliyopigwa pasi, na niliona kushika jembe mbele ya watu ni kujirudisha nyuma. Nikatafuta vibarua wawili hodari nikawatuma Ruanda walime kwa niaba yangu. Mama mkwe aliwapokea vizuri, akawapa pombe ya ulezi wakanywa, akawarudisha na majembe yao safi. Kipande kile kilichokuwa changu akakiacha hivyohivyo. Kilikuwa kando ya njia ya kanisani. Kila Jumapili waumini wote walipita pale, wakaona shamba zuri la ulezi huku na huku, na katikati majani yamefika kiunoni. Walipaita Shamba la Mkalimani. Lilikaa miaka kumi, na mpera ukajiotea ndani yake ukazaa.

Nilimweleza Bwana desturi, habari ya mpera nikaiacha. Alifurahi sana, akasema sasa ana mambo mawili katika safari moja. Akanieleza kwa nini ninaogopa. Ni woga wa kale, alisema, uliotiwa katika damu ili kijana asimsogelee mama wa mke wake na kuuvuruga ukoo, na kwa watu walioendelea woga huo umekwisha kufa. Akaongeza kwamba nikikataa ataliandikia boma wampe mkalimani mwingine, na sababu ataitaja. Nilikuwa na watoto watatu na sikuwa na kazi nyingine niliyoijua.

Nikaenda kwa Mzee Haonga. Hakushangaa hata kidogo. Alisema wakwe wana mambo ya dharura siku zote, nyumba huungua na watoto huugua, na wazee waliliona hilo. Mtu husema na kitu, na mwenzake husikia. "Tumia kinu," akaniambia. "Kinu hakijaoa popote."

Basi tukapanda Ruanda kwa gari la Bwana. Mama mkwe aliarifiwa, akakubali, kwa furaha ambayo ingepaswa kunitia wasiwasi. Alikaa ndani ya uzio wa matete wa jikoni, ametugeuzia mgongo. Kinu chake kikubwa cha kutwangia kilisimamishwa mlangoni. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda, uso nimeelekeza kwenye mibuni. Bwana alikaa kwenye kiti chake cha turubai, na majirani wote wenye shughuli na wasio na shughuli walikuja kusikiliza. Bwana aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikakiambia kinu kwa Kinyiha, mama akakijibu kinu, nami nikampelekea Bwana. Katika miaka yangu yote ya kazi ndiyo mara pekee niliyotumia mkalimani.

Vizazi tisa vilikwenda vizuri. Kisha Bwana akauliza swali lake: kwa nini mama mkwe na mkwe hawaonani?

"Kinu," akasema mama, taratibu kabisa, "mwambie mgeni mkwe wangu simwoni kwa kuwa hana sura ya kuonwa. Mwaka wa kumi huu amemchukua mwanangu. Nilimpa kipande kimoja alime, akaniletea mikono ya watu. Anavaa suruali nyeupe. Watoto wake wananiuliza bibi lile pori ni la nani, nami naona aibu kuwaambia ni la baba yenu."

Aliendelea hivyo kwa muda. Jasho lilinitoka hata kwenye kope. Pale hapakuwa na mtu mwingine aliyejua Kiingereza, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo nawaomba msilifanye. Nikamwambia Bwana kwamba mama anasema ni desturi ya zamani na haijulikani ilipoanzia. Bwana akaandika.

Halafu nikasikia kutoka ndani ya matete:

"Kinu, mimi nimesema mengi. Mbona huyo amesema machache?"

Majirani wakacheka, na nilimwona Mzee Haonga kana kwamba amekaa mbele yangu. Nikatoa leso. Nikaanza upya, kwa Kiingereza, neno kwa neno, kama nilivyofundishwa. Mkwe wangu hana sura ya kuonwa. Amemchukua mwanangu mwaka wa kumi huu. Bwana akaacha kuandika, akauliza huyo mkwe ni nani.

"Ni mimi," nikasema, na safari hiyo sikuwa nimeazimwa.

Bwana, kwa kuwa ni Bwana Kwa Nini, hakunionea huruma. Akauliza kwa nini mama alikataa vibarua, maana shamba likilimwa limelimwa, jembe ni jembe. Nikakiambia kinu. Mama akajibu bila ukali.

"Nitazeeka, kinu. Mwanangu yuko mbali, kwa mume. Siku nitakayoshindwa kunyanyuka, wale vibarua wawili watakuja kunichotea maji? Nilitaka kuuona mgongo wake ukiinama mara moja tu, nikingali na nguvu, nijue unainama. Sasa mwambie hivi. Mvua zikianza kipande hakijalimwa, nitamwita Rabeka aje akilime mwenyewe. Na akija na watoto wake, atakaa."

Niliyatafsiri hayo yote mpaka mwisho.

Bwana alifurahi kupita kiasi. Njia nzima ya kurudi aliniambia kwamba mama mkwe wangu, bila kusoma, amefikia elimu kubwa, kwamba viumbe hupimana kwa alama ambazo mdanganyifu hawezi kuziiga, kwa kuwa zinauma. Akatolea mfano dume la tausi, anayeburuta mkia mzito ili majike wajue ana nguvu za kupoteza. Sikufurahia kuambiwa kwamba shamba ni mkia. Nilimwomba ruhusa ya wiki moja nikalime. Akasema haiwezekani, ratiba imejaa, na tena kisayansi ingependeza kuona litatokea nini.

Kilichotokea kwanza kilitokea nyumbani kwangu. Rabeka alikuwa amesikia yote kabla sijafika, sijui kwa njia gani, na nilimkuta ananyoosha nguo za watoto. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililonitisha.

"Mama akiniita nitakwenda, Baba Atupele," akasema. "Miaka kumi nimekuwa nikiwaambia wenzangu unasubiri kiangazi."

Niliona wazi kwamba nilikuwa napoteza nyumba yangu kwa ajili ya suruali. Nilimpenda Rabeka, na sikuwa nimewahi kumwambia katika lugha yoyote kati ya tano ninazozijua.

Siku ya nne Bwana akapata simu ya maandishi kupitia boma. Mke wake anakuja kupitia Rhodesia, atafika Tunduma karibuni, na anakuja na mama yake mzazi, ambaye angependa kukaa miezi miwili. Bwana aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Kisha akaniambia amefikiri upya kuhusu ombi langu. Sayansi, alisema, inadai kwamba kilimo changu kiangaliwe kwa macho, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwamba ni vema tuondoke asubuhi ya kesho mapema. Nikamwuliza wageni watapokewa na nani. Akasema Tunduma kuna watu wakarimu.

Nililima siku tano. Siku ya kwanza malengelenge, siku ya pili yalipasuka, siku ya tatu nilifika kwenye mpera, ambao mizizi yake ilikuwa imezama mpaka kwa mababu wa Bwana. Majani ya miaka kumi hayakatiki, yanang'oka na udongo mzima. Wapita njia walisimama kunitazama, na hakuna aliyenicheka, jambo ambalo sikulitegemea. Bwana alikaa kivulini kwenye kiti chake cha turubai, akihesabu mapigo ya jembe kwa dakika. Mama mkwe alikihamishia kinu chake upande wa uzio uliopakana na shamba, akawa anatwanga nyuma ya matete, pole pole, akisikiliza.

Siku ya nne alikiuliza kinu jambo. "Na huyo mwekundu anayekaa kivulini, yeye amemlimia nani?" Nikamtafsiria Bwana. Bwana akasema kwao hakuna desturi hiyo. Mama akasema pole.

Siku ya tano, jua likiwa juu, tukasikia gari linapanda mlima. Tunduma wote walijua Bwana yuko wapi, na njiani kila mtu aliyeulizwa alionyesha kwa mkono. Gari lilisimama kwenye njia ya kanisani, akashuka mwanamke wa Kiingereza mzee, mrefu, kofia kubwa, mkoba ameushika mbele kama faili; binti yake, mke wa Bwana, alikuwa amemwacha Tunduma apumzike. Nilimgeukia Bwana nimwambie ana mgeni. Kiti kilikuwa kitupu. Bwana Kwa Nini, mtu aliyeendelea, alikuwa ameacha njia na kuingia majanini.

Nasema kweli, alichuchumaa. Niliona mgongo wa shati lake katikati ya majani ambayo sikuwa nimeyafikia. Nyuma ya matete mchi ulinyamaza. Mama mkwe wangu alikuwa ameona yote kwenye tundu la uzio. Nikamsikia anacheka, kicheko cha kijana, na kwa miaka kumi sikuwa nimewahi kukisikia.

"Kinu," akasema alipopata pumzi. "Kumbe nao ni watu."

Katika elimu yote niliyoitafsiri msimu ule, hilo ndilo neno ninaloliamini.

Yule mama wa Kiingereza hakuwa mjinga. Alitazama kiti, akatazama majani, akaniuliza mimi ninafanya nini na jembe mikono ikitoka damu. Nikamweleza yote, nilikuwa nimechoka mno hata nisiweze kupunguza maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Wakati huo mkwe wake akatoka majanini, suruali imejaa mbegu za mashona nguo kutoka kifundoni mpaka mapajani, akisema alikuwa anachunguza mmea. Mama mkwe wake akaniambia mimi nimwulize mwenye shamba kama ana jembe la pili.

Nikakiuliza kinu. Jembe la pili lilitolewa kwa haraka ya ajabu.

Kipande kilichobaki tulikimaliza wawili. Bwana alilima vibaya sana lakini hakupumzika, kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha turubai, na mama mkwe wangu alikuwa nyuma ya matete, na hapakuwa na upande wa kukimbilia. Wale akina mama wawili waliulizana habari za watoto kupitia kwangu na kinu, nikilima. Nilivyowasikia, walielewana kabla sijamaliza kutafsiri.

Tulipofika mwisho nilisimama nikainamisha uso kama inavyopasa. Nikasikia hatua. Mama mkwe alitoka nje ya matete akaja mpaka ukingoni mwa shamba, na kwa mara ya kwanza akasema na mimi, si na kinu.

"Matuta yako yamepinda," akasema.

Kisha akanipa maji kwa mikono yake mwenyewe. Niliyanywa nikilia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Bwana Kwa Nini aliondoka mwisho wa msimu ule. Baada ya miaka michache alituma kitabu chake bomani. Ndani mna kurasa mbili za woga wa wakwe kwa watu ambao hawajaendelea. Kuna tausi, kuna vijiwe. Majani hayamo. Daftari langu bado ninalo, kama kuna anayetaka kulinganisha.

Mama Rabeka aliishi miaka tisa baada ya hapo. Miwili ya mwisho miguu ilimkatalia, na kila nilipopata likizo nilipanda Ruanda kumchotea maji, ndoo kichwani, mwanamume mzima, mkalimani wa serikali. Siku nikichelewa alikuwa akikigeukia kinu na kukiuliza kama yule wa suruali nyeupe amefika. Alipofariki nilimlilia kuliko nilivyomlilia mama yangu, Mungu anisamehe. Kinu alimwachia Rabeka, nasi tukakishusha Chapwa kwa lori la kahawa.

Kimekaa jikoni kwetu bila kusema na mtu mpaka juzi. Atupele wetu ameolewa mwaka jana na karani kijana, msafi, mwenye kujua kazi, ambaye ni mmoja wenu. Jumamosi iliyopita wakaja vibarua wawili na majembe begani, wakasema wametumwa na mkwe wetu kulima kipande cha mama. Rabeka aliwapikia chai, akawashukuru, akawasindikiza mpaka barabarani. Kisha akarudi, akakiviringisha kinu kutoka jikoni mpaka mlangoni, akakifuta vumbi kwa kanga yake.

Jumatatu mkwe wangu alinifuata, uso umemshuka, akaniomba nimweleze mama anakusudia nini na kile kinu. Nikamwambia nimestaafu. Jembe liko nyuma ya mlango, mwanangu. Nimekwisha kulitia mpini mpya.